Kunawa, VAR na sisi tunaolipa kiingilio

Nimekuwa kimya kidogo, zamu za usiku zilinikamata wiki mbili mfululizo, na nesi akitoka zamu ya usiku ni mtu wa kuelekezwa kitanda kilipo tu. Leo nina mapumziko na nina dukuduku ambalo nikiendelea kukaa nalo litanipandisha presha bure. Kwa hiyo mambo ya viza, kodi ya nyumba na baridi ya Uingereza tuyaweke pembeni. Leo ni mpira.

Nataka tuongelee kunawa. Sio kunawa kwa sabuni, hiyo ndiyo kazi inayonipa ugali na kwa siku nanawa mara nyingi kuliko sala za shehe. Naongelea kunawa kwa uwanjani. Kwa wenzetu wa nje ya Bongo ambao hawalitumii neno hili, kwetu mpira ukigonga mkono wa mchezaji watu wanapiga kelele "kanawaaa!" na hapo uwanja mzima unakuwa refa.

Mtasema nesi na VAR wapi na wapi. Subirini, mtaona. Hoja yangu ni moja na naiweka mezani mapema ili nisimchoshe mtu: VAR sio adui wetu. Kilichoharibika ni kwamba tumechukua mashine ya kuonyesha kilichotokea, tukaipa kazi ya kuamua kama kilichotokea ni kosa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na hakuna mahali tofauti hiyo inapouma kama kwenye kunawa.

Kwanza tusijifanye tumesahau tulikotoka. Mashine hii tuliililia wenyewe. Tarehe 22 Juni 1986, pale Azteca, Mexico, Maradona aliwafunga Waingereza kwa mkono mchana kweupe, na refa alikuwa ndugu yetu wa Tunisia, Ali Bin Nasser, ambaye hakuona. Huku ninakoishi hadithi hiyo haijaisha mpaka leo, ukikaa na mzee wa Kiingereza wodini akishaongea hali ya hewa anahamia kwa Maradona. Novemba 2009, Paris, Thierry Henry akaunyoosha mpira kwa mkono, Gallas akafunga, Ireland wakakosa Kombe la Dunia la 2010. Dunia nzima iliona kwenye TV isipokuwa refa. Tukasema kwa sauti moja: jamani, mpeni refa TV!

Sasa linganisheni na kilichotupata sisi Waafrika mwaka uliofuata. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali, Ghana na Uruguay, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Luis Suárez anaokoa mpira kwenye mstari kwa mikono kama kipa. Refa aliona. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba, Ghana wakatolewa kwa matuta. Nina wafanyakazi wenzangu Waghana, ukilitaja jina la Suárez chakula kinawaishia hamu hapo hapo. Lakini angalieni jambo moja: hakuna Mghana hata mmoja anayesema hakuelewa kilichotokea. Sheria ilijulikana, kosa lilionekana, adhabu ikatolewa, bahati ikakataa. Yale yalikuwa maumivu, hayakuwa kizunguzungu.

Kizunguzungu ndicho tulichonacho sasa.

VAR iliingizwa rasmi kwenye sheria za mpira mwaka 2018 na ikapelekwa Kombe la Dunia la Urusi mwaka huo huo. Na tazama ilivyoanza: fainali yenyewe, Ufaransa na Croatia, 15 Julai 2018, mabao yakiwa 1-1. Kona inapigwa, mpira unagonga mkono wa Ivan Perišić. Refa Néstor Pitana wa Argentina hakutoa kitu, akaitwa kwenye TV pembeni ya uwanja, akaangalia na kuangalia, akarudi na penalti. Griezmann akafunga, Ufaransa wakashinda 4-2. Alinawa au alinawishwa? Waulize watu kumi mpaka leo, utapata majibu kumi na moja.

Watunga sheria wakaona dawa ni kuifanya sheria iwe ngumu kama chuma, ili mashine iweze kuisoma. Mwaka 2019 wakasema goli likitokana na mkono wa mshambuliaji, hata kama ni bahati mbaya, hata kama ni kuguswa tu, hakuna goli. Matokeo yake wakazi wa Manchester waliyaona uwanjani kwao. Aprili 2019, robo fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Fernando Llorente wa Tottenham anafunga mpira uliompitia nyongani na pengine mkononi, refa anaenda kwenye TV, goli linakubaliwa, Manchester City wanatolewa. Agosti mwaka huo huo, uwanja ule ule, timu zile zile, sasa ni Ligi Kuu. Gabriel Jesus anafunga dakika za majeruhi, uwanja unalipuka, watu wanakumbatiana. Kisha goli linafutwa kwa sababu mpira uliuparaza mkono wa Aymeric Laporte kabla ya kumfikia. Mechi ikaisha 2-2. Miezi minne tu! Sasa yule shabiki aliyekuwepo siku zote mbili utamweleza nini akuelewe?

Halafu ikaja Septemba 2020. Joel Ward wa Crystal Palace anapigiwa mpira kutoka karibu mno, unamgonga mkono, penalti, Everton wanashinda. Siku ya pili yake Eric Dier wa Tottenham ameruka, ametoa mgongo, hauoni hata mpira ulipo, Andy Carroll wa Newcastle anapiga kichwa na mpira unamgonga mkono kwa nyuma. Penalti, dakika ya 97, ikawa 1-1. Na nawaomba mlikumbuke hili: kocha wa Newcastle, Steve Bruce, aliyefaidika na penalti ile, naye alisema hadharani kwamba sheria ile haina maana. Ukiona aliyepewa zawadi anaona aibu kuipokea, ujue zawadi ina kasoro. Siku chache baadaye marefa wa Ligi Kuu wakaambiwa walegeze kidogo. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa tena, mkono wa bahati mbaya wa mchezaji mwenzako kabla ya goli ukaacha kuwa kosa.

Katikati ya hayo, mwaka 2020, wakubwa walilazimika kuandika kwenye sheria mkono unaanzia wapi. Wakasema mpaka ni usawa wa chini ya kwapa. Mimi nimesoma anatomia kwa ajili ya shahada yangu, nimekariri misuli na mishipa mpaka nikaota usiku, sikuwahi kufikiri ipo siku watu wataligombania kwapa la beki kwa kuchora mistari kwenye kompyuta.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini mtu wa wodini haya yananigusa.

Kazini tuna kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Ni kifaa kizuri sana, kimeokoa watu wengi. Lakini mgonjwa akiwa na vidole vya baridi kama barafu, au amepaka rangi ya kucha, kinaweza kukuletea namba ya kutisha na kengele ikaanza kulia. Nesi aliyefundishwa vizuri hakimbilii namba. Anamwangalia mtu kwanza. Anaongea? Anapumua vipi? Midomo ina rangi gani? Kisha anabadilisha kidole na kupima tena. Namba ni habari, sio hukumu.

Hospitali za huku zinatumia chati inayoitwa NEWS2, ilitolewa mwaka 2017. Unaandika mapigo ya moyo, presha, joto, pumzi, oksijeni na kama mgonjwa yuko macho, unapata jumla ya pointi, na pointi zikifika kiwango fulani unamwita daktari. Ni utaratibu safi. Lakini hao hao walioutunga walisema chati haiondoi akili ya mhudumu: nesi akiwa na wasiwasi na mgonjwa, aite msaada hata kama pointi ni chache. Yaani watu wa vipimo wenyewe wanajua kipimo kina mpaka.

Kwenye mpira mpaka huo tumeuruka. Na cha kusikitisha ni kwamba umeandikwa! Utaratibu wa VAR wenyewe unasema picha ya polepole itumike kwa mambo ya uhakika, kama vile mpira uligusa wapi, lakini kuamua kama kunawa ni kosa, itazamwe kwa mwendo wa kawaida. Na kuna sababu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti ambapo watu walionyeshwa video ya tukio la mauaji, wengine kwa mwendo wa kawaida na wengine polepole. Walioiona polepole walielekea zaidi kuamini kwamba mtu alikusudia. Kitu kimetokea kufumba na kufumbua, lakini ukikivuta kinaonekana kama jamaa alikaa akapanga. Sasa chukua beki aliyepigiwa shuti kutoka hatua mbili, mvutie picha ile, simamisha pale mpira unapogusa kiganja. Hata malaika ataonekana amenawa!

Mkono wa binadamu una kazi zake. Ukiruka unanyanyua mikono, ukiteleza unaitanua usivunjike, ukigeuka ghafla inakufuata. Hakuna anayeruka akiwa amebana mikono kama askari wa gwaride. Siku hizi mabeki wanakaba huku wamefunga mikono mgongoni kama wanafunzi wanaosubiri viboko, na sisi tunaona ni kawaida. Sio kawaida jamani.

Kama mnadhani mashine mpya zaidi ndiyo dawa, turudi Ujerumani, Euro ya 2024. Tarehe 29 Juni, Dortmund, Joachim Andersen wa Denmark anafunga, goli linafutwa kwa kuotea. Dakika chache baadaye krosi ya Wajerumani inaparaza kidole chake. Ndani ya mpira kuna kifaa kinachohisi kuguswa, skrini ikaonyesha mchoro unaoruka kama ule wa mashine zetu za moyo. Penalti, Kai Havertz akafunga, Denmark wakarudi nyumbani. Siku sita baadaye, Stuttgart, ni zamu ya Wajerumani wenyewe. Jamal Musiala anapiga shuti linaloelekea golini, linagonga mkono wa Marc Cucurella wa Hispania. Hakuna penalti. Hispania wakashinda 2-1 kwenye muda wa nyongeza, na mwishowe wakachukua kombe. Septemba mwaka huo kamati ya marefa ya UEFA ikakiri kwamba ile ilipaswa kuwa penalti. Kukiri Septemba kwa mechi ya Julai! Ni sawa na mimi nimpelekee mgonjwa dawa baada ya kuruhusiwa na kurudi kwao.

Kidole kilichoparazwa kikawa penalti. Mkono uliozuia shuti ukawa sio. Mashindano yale yale, sheria ile ile, vifaa vile vile. Mashine haikukosea popote, siku zote mbili ilionyesha vizuri kabisa kwamba mpira uligusa mkono. Kilichokosekana ni hukumu inayoeleweka, na hicho hakiuzwi pamoja na kamera.

Sasa kuna wanaosema basi tuifute. Nawaelewa, lakini siko nao. Wolves waliipeleka hoja hiyo kwenye Ligi Kuu, na Juni 2024 vilabu vikapiga kura 19 kwa 1 kuibakisha. Ligi yenyewe ilisema maamuzi sahihi yamepanda kutoka asilimia 82 hadi 96. Sweden, ambako wanachama ndio wenye sauti kwenye vilabu vyao, wameikataa mpaka ligi yao kuu inachezwa bila VAR. Norway walifikia hatua ya kurusha keki za samaki uwanjani, Julai 2024 mechi ya Rosenborg na Lillestrøm ikavunjika (chakula kizuri kile jamani!), lakini Machi 2025 mkutano mkuu wa shirikisho lao ukaamua VAR ibaki.

Na mimi nina sababu yangu binafsi ya kutoifuta. Mimi ni Yanga, sijifichi. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Aziz Ki anapiga lile shuti, linagonga mwamba wa juu, linadunda chini. Kwa macho yangu na ya Watanzania wengi mpira ulivuka mstari. VAR ilikuwepo, goli halikutolewa, tukatolewa kwa matuta 3-2 baada ya mechi mbili kuisha bila goli. Watani zangu Simba msicheke, hili la kitaifa :-) Mpira kuvuka mstari sio suala la maoni wala la kukusudia, umevuka au haujavuka. Hapo ndipo mashine inapohitajika kuliko mahali pengine popote! Lakini vifaa vya kupima mstari, vinavyomtetemesha refa saa mkononi ndani ya sekunde moja, Ulaya vimezoeleka kama taa za barabarani na kwetu ni anasa. Yaani mashine tunaipeleka kwenye kwapa la beki ambako haiwezi kitu, na kwenye mstari ambako inaweza kila kitu tunabaki kubishana kwa picha za simu.

Kwa hiyo mimi naona hivi.

Moja, mashine ipewe mambo yenye jibu la ndiyo au hapana. Mpira umevuka mstari? Mchezaji ameotea? Kadi amepewa mtu siye? Hapo sina ugomvi nayo. Na hata hapo tukumbuke kuna mtu nyuma yake. Septemba 2023 goli halali la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lilipotea kwa sababu mtu wa VAR alidhani refa alishalikubali, akasema "tumemaliza kuangalia". Picha ilikuwa safi, masikio ndiyo yaliyokosa.

Mbili, kunawa kurudishwe kwa refa wa uwanjani. VAR imwite pale tu ambapo hakuona kabisa, kama ile ya Henry, na akiitwa aonyeshwe kwa mwendo wa kawaida. Kama kwa mwendo wa kawaida huoni kosa, basi hakuna kosa la wazi, tuendelee. Atakosea? Ndiyo, atakosea. Lakini kosa la mtu aliyesimama pale, aliyesikia shuti na kuona umbali, tumeishi nalo zaidi ya miaka mia. Tunamtukana, tunarudi nyumbani, Jumamosi tunakuja tena.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa: semeni na watu. Kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa nimejifunza kwamba habari mbaya watu wanaibeba. Wanachoshindwa kubeba ni ukimya, ule wa milango kufunguka na kufungwa na hakuna anayewaambia kitu. Shabiki aliyelipa kiingilio, amesafiri kwa treni, amekaa kwenye mvua, anasubiri dakika tatu, nne, hajui hata kinachoangaliwa ni nini, wakati aliyelala kwenye kochi nyumbani anaona kila kitu. Hiyo ni dharau. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023 marefa walitangaza uamuzi kwa kipaza sauti na dunia haikuanguka. England walijaribu Januari 2025 kwenye nusu fainali ya Kombe la Ligi. Ifanyike kila mechi, na sio uamuzi tu, watoe na sababu.

Mtu ataniuliza, sista, na shida zote tulizonazo huku, hili nalo ni la kuandikia? Ndiyo. Wengi wetu huku maisha ni zamu, basi, nyumba, zamu. Pale kibanda umiza kwetu, goli likiingia unamkumbatia mtu hata jina lake hulijui, na kwa nusu dakika hakuna mwenye deni wala mwenye njaa. Huku nako, goli ndilo lililonipa marafiki wa kwanza, Mfilipino, Mghana na Mhindi wa Kerala, hatuna lugha moja lakini wote tunajua kuruka. Siku hizi goli likiingia watu wanamtazama refa kwanza. Wanasubiri ruhusa ya kufurahi. Ikija ruhusa, furaha imeshapoa kama chai ya jana. Hicho ndicho tunachonyang'anywa, na sidhani kama asilimia 96 inakirudisha.

Nawasilisha. Wenye hoja karibuni tubishane kwa heshima, mambo ya Simba na Yanga tuyaache mlangoni. Na wale wenzangu wa wodini, mkiingia na mkitoka, naweni. Kwetu sisi hakuna penalti.